Upawa wa Mama Yadwiga

Ninyi mnaoanza kazi kwenye jiko la wagonjwa mwaka huu mlikuja nyumbani kwangu Njoro, mko watano, simu mikononi, mkaniamkia vizuri, kisha mkasema, "Bibi, tunaomba utuambie kitu kifupi kuhusu kazi." Kitu kifupi sina. Nimepika na kugawa chakula cha wagonjwa miaka thelathini na minne, na kitu kifupi pekee nilichotoka nacho ni kidole hiki cha shahada cha mkono wa kushoto, nilichokikata nikimenya ndizi huku nachungulia dirishani nione nani anapita. Kwa hiyo nimeandika. Mkichoka, wekeni pembeni mkanywe chai.

Nianze na mtori, kwa sababu mnaupika vibaya. Mwaka jana nilipolazwa mliniletea bakuli lenye maji juu, vipande vya ndizi chini, na nyama tatu zimekaa kila moja kona yake kama wageni wasiosalimiana. Nilikula kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Mtori ni kuponda, wanangu. Chemsha ndizi mshare na nyama mpaka viive kabisa, toa mifupa, ponda kwa mwiko mpaka bega likuume, halafu ponda tena. Ukiupata sawasawa hauna juu wala chini. Anayepewa wa kwanza na anayepewa wa mwisho wanakula kitu kimoja.

Mama yangu kule Tarakea alikuwa mpishi hodari, lakini habari ya juu na chini hakunifundisha yeye. Nilifundishwa na mwanamke wa Kizungu, na yeye alijifunza gerezani. Hakuwa mfungwa. Alikuwa mpeleka chakula.

Tulimwita Mama Yadwiga. Jina lake la ukoo lilikuwa refu, limejaa herufi ambazo ulimi wetu haukuziweza, tukamwachia mwenyewe. Alikuwa Mpolandi. Alikuja Afrika baada ya vita kuu ya pili kuwahudumia wakimbizi wa kwao waliowekwa Tengeru, na kambi ilipofungwa wenzake wakatawanyika, yeye akapanda huku mlimani akaomba kazi kwenye misheni yetu. Mimi nilipoajiriwa nilikuwa nimeolewa Old Moshi miaka miwili tu. Nilimkuta bibi wa karibu miaka sabini, mrefu, mgongo umenyooka, anasimamia jiko la kuni lenye moto sehemu sita na moshi wa kutosha kijiji kizima.

Watu walisema kwao ni mtoto wa mangi, yaani chifu. Hakulipenda neno hilo, ila halikuwa mbali na ukweli. Babu yake alikuwa na ardhi, alisema, kama kutoka hapa mpaka Himo, na watu walioilima hawakuwa na viatu vya maana hata wakati wa theluji. "Theluji kama ile," akasema, akionyesha Kibo kwa ncha ya kisu. Mpaka vita vinaanza hakuwahi kuchemsha yai. Alikuwa na mtu wa kumfunga vifungo vya gauni. Siku aliponiambia hilo nilicheka mpaka nikadondosha ndizi, na yeye akacheka, maana wakati huo kucha zake zilikuwa nyeusi kwa utomvu kama zetu sote. Pakeni mafuta mikononi kabla ya kumenya. Yeye alikataa kupaka, alisema ni kupoteza mafuta ya wagonjwa.

Habari za vita alinisimulia kwa vipande, leo kidogo, wiki nyingine kidogo, tukiwa tunamenya. Wajerumani waliuchukua mji wao. Watu walifukuzwa majumbani mwao katikati ya baridi, wakaja mjini na watoto migongoni. Wanaume walikamatwa barabarani wakitoka kununua mkate. Wenyeji wakaunda kamati ya kulisha watu, wakamtaka yeye aiongoze kwa sababu ukoo wake ulijulikana na Kijerumani alikijua, hivyo ofisa wa jeshi asingemfukuza mlangoni.

"Hawakuchagua akili yangu," aliniambia. "Walichagua kofia yangu."

Basi kila asubuhi alivaa gauni moja zuri lililobaki, glavu, na kofia ya mama yake, akaenda kwa ofisa kuomba. Leo maziwa ya yatima, kesho makaa ya mawe, keshokutwa kibali cha kuingiza supu gerezani. Ofisa alimwambia akae. Hakukaa. Ofisa yule alikuwa mkatili lakini amelelewa kwa adabu za kwao, hakuweza kukaa wakati mwanamke wa ukoo mkubwa amesimama. Wakasimama wote wawili, nusu saa nzima, mpaka miguu ya ofisa ikachoka akatia sahihi. Hivyo ndivyo gereza la mji ule lilivyopata supu.

Msidhani aliniongezea chumvi. Wakati sukari ilipoadimika nchini tulishuka mjini mimi na yeye, kwa bwana mmoja aliyekuwa na mamlaka ya mgao. Mama Yadwiga alivaa glavu kwenye jua lile la Moshi.

"Karibu kiti, mama," yule bwana akasema.

"Asante, mwanangu. Nitasimama."

"Mama, wewe ni mtu mzima. Kaa basi."

"Nikikaa nitakuwa mgeni wako. Mimi niko kazini. Nina wagonjwa."

Yule bwana alikuwa mtu wa Marangu. Hawezi kukaa na bibi wa umri ule amesimama mbele yake, mama yake angesikia. Akasimama. Tukasimama watatu, karani akapita mara mbili akitushangaa. Tulipanda mlimani na magunia mawili ya sukari. Ninyi siku hizi mnatuma ujumbe kwa simu kuomba unga, halafu mnaniambia hamjajibiwa.

Narudi gerezani. Supu iliingia kwa mkokoteni wa farasi, kwenye madebe ya maziwa. Siku za kwanza walinzi waliinua vifuniko wakavua nyama, wakaengua mafuta, wafungwa wakabaki na maji ya viazi. Alilalamika, haikusaidia. Akarudi jikoni akaagiza kila kitu kipondwe pamoja, viazi, maharage, kile kipande cha nyama kilichopatikana, mafuta. Mlinzi akichovya uma wake hapati cha kuvua. Kwa hiyo alipofika huku kwetu akawekewa mtori mara ya kwanza, alikula bakuli zima, kisha akauliza nani alitufundisha. Akaelezwa kwamba ni chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua, tumekikuta kwa bibi zetu, hakikutoka kwenye vita. Alifurahi sana siku hiyo.

Jambo la pili alilolishika lilikuwa pa kuanzia kugawa. Gereza lilikuwa na ujia mrefu wenye milango huku na huku. Anayeanzwa hupata supu ya moto kutoka kwa mtu ambaye hajachoka. Wa mwisho hupata iliyopoa, au upawa nusu, au anaambiwa imekwisha. Basi leo alianza mlango wa kwanza, kesho wa mwisho, keshokutwa katikati, ili balaa la kuwa wa mwisho lisimkalie mtu mmoja. Hapa misheni alifunga kitambaa chekundu kwenye kitanda cha kuanzia, na kila siku alikihamisha mwenyewe. Mgonjwa mmoja wa Kibosho, mbishi kweli, aliwahi kukifungua akakifunga kwake. Mama Yadwiga akamwachia kitambaa, akaanza kwa jirani yake.

Ninyi mna trei zenye namba, na majiko ya gesi ambayo ningeyapata mimi ningekuwa bado nina macho mazuri. Lakini nilipolala pale wodini niliona mnaanza kila siku na chumba kilicho karibu na jiko. Ni karibu, najua. Ndiyo maana naandika.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Kipindupindu kiliingia tambarare, kwenye mashamba ya miwa, katika zile safu za nyumba walizokaa wakata miwa waliotoka mikoa mingine. Shule moja ilifungwa, ukumbi wake ukajazwa vitanda vilivyotobolewa katikati na ndoo chini yake. Misheni ikaombwa msaada, tukashuka. Dripu zilikuwa chache, zilikwenda kwa waliozirai. Wengine wote tuliwategemeza kwa kikombe. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Mama Yadwiga alituonjesha kila ndoo, chumvi isizidi ile ya machozi. Kazi yangu ilikuwa kupita na ndoo na upawa, kitanda kwa kitanda, tangu asubuhi hadi jioni. Anayeharisha vile anakauka, na asiponywa kwa saa chache anakufa. Hakuna kingine cha kuelewa.

Kwenye kitanda cha kwanza karibu na mlango alilala mzee wa ukoo wa mume wangu, kaka mkubwa wa baba mkwe. Tulimwita Meku, yaani mzee. Alikuwa ameshuka tambarare kwenye shughuli ya rafiki yake, akanywa maji ya mfereji. Ningempitaje Meku?

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba, mkwe. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, Meku. Kunywa kwanza."

"Na yule ng'ombe ameshazaa?"

"Bado, Meku. Kunywa."

Alikunywa funda, akapumzika, akauliza habari ya mtu, akanywa funda jingine. Nilipiga goti kando yake, kikombe mikononi, ndoo sakafuni, na ukumbi mzima ukingoja. Mama Yadwiga aliona hilo siku ya kwanza. Aliniita nje.

"Kesho anza mwisho," akasema.

"Ndiyo, mama."

Siku ya pili nilianza kwa Meku. Siku ya tatu vilevile. Mtaniona mjinga. Nilikuwa mke mgeni katika ukoo ule, na kumpita Meku na maji huku ananitazama, nikampe kwanza kijana nisiyemjua, ilikuwa sawa na kumtukana mbele ya watu. Nilijua habari ingefika Old Moshi kabla yangu. Kwa hiyo nilimwitikia Mama Yadwiga ndiyo, nikafanya ya kwetu.

Asubuhi ya siku ya tatu, kitanda cha mwisho kililetewa mwanamke kijana aitwaye Adela. Mumewe, Yeremia, alikuwa mkata miwa, wote wametoka Kasulu. Alimleta mgongoni kutoka kwenye safu zao, akamlaza kwa uangalifu, akamvuta gauni limfunike magoti. Hakuruhusiwa kubaki. Mlangoni alinishika mkono.

"Dada, nakuachia. Tangu alfajiri hajanywa kitu."

"Nenda, kaka. Nitampa," nikamwambia.

Nikachukua ndoo, nikaanza. Kwa Meku. Siku hiyo alikuwa na nafuu, kwa hiyo alikuwa na maneno mengi. Nilipofika katikati ya ukumbi ndoo ikaisha. Nilitazama kule mwisho. Adela alikuwa kimya, macho yamefumba nusu, nikasema moyoni, huyu amelala, afadhali. Nikatoka kwenda kuchemsha maji mengine. Kuni zilikuwa mbichi. Nilipuliza moto mpaka nikaona nyota.

Hapa shikeni vizuri. Katika ugonjwa ule, anayelia na kukuita bado ana maji mwilini. Aliyenyamaza ndiye wa kumkimbilia. Nililijua hilo, nilifundishwa wiki ileile. Na bado niliporudi na ndoo niliendelea pale nilipoishia, kitanda kwa kitanda, kwa utaratibu, kama mtu anayefagia. Nilipomfikia Adela macho yalikuwa yamezama ndani na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Nilimwinua kichwa nikamtia kijiko mdomoni. Maji yakatoka pembeni ya mdomo, yakateremka shingoni. Nikatia kijiko cha pili. Nilitia vijiko vitano au sita kabla sijakubali.

Meku alipona. Aliishi miaka mingine mingi, na kila Krismasi nyumba ikijaa watu waliotoka Dar na Nairobi, alininyooshea mkono akiwaambia wageni, "Huyu mkwe ndiye aliyenipa maji." Nilitabasamu, nikatafuta kisingizio cha kwenda jikoni.

Jioni ya siku ile tulikuwa tunasugua vyombo kwa majivu. Mama Yadwiga akauliza, bila kuniangalia, "Ulianza wapi leo?"

"Mwisho," nikasema.

Aliendelea kusugua. Nadhani alijua. Sikuwahi kumwongopea kabla ya hapo, na ulimi wangu haukuwa na mazoezi.

Nilikaa na uongo huo siku mbili. Siku ya tatu tulikuwa tumerudi kwa muda jikoni misheni, tumeketi kwenye vigoda, beseni la ndizi kati yetu, na mikono ikaacha kumenya yenyewe. Nikamwambia yote, habari ya Meku, na ng'ombe, na kuni mbichi, na jinsi nilivyopita vitanda kwa utaratibu. Nilitaka anifokee. Alikuwa hodari wa kufoka, aliwahi kumfokea hata padre kwa kuingia jikoni na viatu vya tope. Hakufoka. Aliweka kisu chini, jambo ambalo hakulifanya kabla ya beseni kuisha.

"Sikukwambia habari ya ujia wa chini," akasema.

Gereza lile lilikuwa na sehemu mbili. Juu walifungwa Wapolandi. Chini walifungwa Wayahudi. Ofisa alipotia sahihi ya supu aliweka sharti moja. Supu ni ya juu tu. Ujia wa chini si wake. Akikubali, aingie. Akikataa, arudishe madebe nyumbani. Alikubali.

"Lakini ngazi ya kupandia ilikuwa upande wa pili," akasema. "Kila siku nilipita kwanza ule ujia wa chini, na madebe. Harufu iliingia chini ya milango. Nyuma ya mlango mmoja alikuwapo mwanamke. Aliniuliza, kwa Kipolandi kizuri kuliko changu, 'Bibi, leo ni nini?' Nikamjibu, 'Kabichi.' Kesho yake akauliza tena. Nikamjibu, 'Maharage.' Sikuwa na ruhusa ya kumpa chakula, basi nilimpa jina la chakula. Mlinzi alikuwa nyuma yangu hatua mbili. Hivyo, siku nyingi. Kisha siku moja nilipita na hakuna aliyeuliza. Nikasimama. Nikasema mwenyewe, 'Viazi.' Kimya. Walikuwa wamewachukua wote, wakawaua."

Nilimuuliza kama alikosea. Nilikuwa kijana, nilidhani swali hilo lina jibu.

"Ningekataa sharti, wa juu wasingekula," akasema. "Nimeipiga hesabu hiyo kila siku tangu wakati ule. Kila siku inatoka sawa. Hainisaidii."

Halafu akasema kwamba vita vilipokwisha alimtafuta mwanamke yule. Jina hakulijua, sauti tu. Alitafuta mumewe, dada, jirani, mtu yeyote aliyemjua, ili amwambie, mimi ndiye niliyekuwa nikipita. Hakupata hata nyumba.

"Wewe una mtu," akaniambia. "Huyo Yeremia anajua nini?"

"Ameambiwa ugonjwa ulimzidi nguvu."

"Basi ukinyamaza hakuna atakayejua."

"Hakuna, mama."

"Nenda," akasema, akachukua kisu chake.

Niliogopa, siwafichi. Yeremia angeweza kwenda kunishitaki nikafukuzwa kazi, na mume wangu wakati ule hakuwa na kazi ya kueleweka. Angeweza kunipiga. Zaidi ya hayo, ukoo wangenisikia nikisema mbele ya watu kwamba kumheshimu Meku kumemuua mtu. Nilipita nyumbani Old Moshi, nikaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikachuma jani la isale. Ninyi mliozaliwa mjini mnalijua kama ua la kupamba. Kwetu mtu aliyekosa sana huchuma isale, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea, na jani hilo halikataliwi. Nimeona watu waliotaka kuchinjana kwa ajili ya mpaka wakinywa pombe ya mbege kibuyu kimoja kwa sababu ya isale. Alfajiri ya kesho yake nililifunga kwenye khanga, nikashuka kwa miguu mpaka kwenye miwa.

Yeremia nilimkuta mbele ya chumba chake. Godoro na nguo za mkewe zilikuwa zimechomwa kwa amri ya bwana afya, na pale uani palikuwa na duara jeusi la majivu. Alikuwa anatengeneza mpini wa panga. Alinikumbuka.

"Karibu, dada. Ndiye wewe uliyempokea Adela."

"Ndiye mimi."

Alisogeza kigoda. Sikukaa. Sikusimama kwa kumwiga Mama Yadwiga, niliona tu sistahili kigoda chake.

"Nambie," akasema, "alikunywa? Hata kidogo?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, marefu, yenye kuanzia mbali. Yote yakapotea.

"Hakunywa. Nilianza kwa wengine. Palikuwa na mzee wa ukoo wetu, nikaanza kwake, nikakaa kwake, maji yakaisha kabla sijamfikia Adela. Niliporudi alikuwa ameshakufa. Niliambiwa nianzie mwisho, sikufanya."

Nikafungua khanga, nikampa jani kwa mikono miwili. Alilipokea kwa heshima, akaligeuza, akalinusa.

"Ni dawa?"

"Si dawa. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani hili. Ni kuomba msamaha. Akipelekewa hawezi kukataa."

Alilitazama lile fundo muda mrefu. Jirani mmoja alitoka na ndoo, akatuona, akarudi ndani.

"Kwetu mtu anaweza kukataa," Yeremia akasema.

Akaniwekea jani mkononi, akanifumba vidole juu yake, polepole kabisa, kama unavyomfumba mtoto vidole ili asidondoshe kitu. Alinitazama usoni alipokuwa akifanya hivyo. Kisha akaniambia niondoke kabla jua halijawa kali, maana njia ya kupanda ni ndefu. Hakunishitaki popote. Baada ya msimu ule wa miwa alirudi Kasulu, sikumwona tena.

Nilipanda huku nalia, watu wakinipa pole njiani kwa kudhani nimefiwa. Mama Yadwiga alikuwa palepale kwenye kigoda, beseni jingine mbele yake. Nikamwonyesha jani.

"Amekataa," nikasema.

"Kwa maneno gani?"

Nikamwambia. Akataka nirudie, nikarudia. Alitaka kujua sauti ilikuwaje, kama alipaza, kama mikono ilitetemeka. Nilianza kukasirika, nilimwendea nifarijiwe, yeye ananihoji.

"Na alikutazama?"

"Alinitazama, mama. Alinitazama usoni."

Mama Yadwiga aliinua aproni akajifunika uso. Miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye misiba ya watoto. Mabega yalitikisika, na mimi nikasimama pale na jani langu, sijui nimshike au nimwache.

"Wewe umejibiwa," akasema ndani ya aproni. "Mimi nimesubiri maisha yangu yote mmoja wa wale wa ujia wa chini anikatalie."

Nikaketi. Jioni ilikuwa inakaribia na wagonjwa hawajala, tukamenya ndizi mpaka beseni likaisha.